Jibu: Raning beki anayeumia-umia, apewe mpira mara ngapi?

Kaka, umeuliza kama timu ya futiboli ya Kimarekani ijengwe juu ya raning beki, yaani yule anayepewa mpira mkononi akimbie nao, ambaye kila msimu yuko mezani kwa daktari. Mimi nasema mtumie, ila usimfanye nguzo pekee ya nyumba.

Mtazame Christian McCaffrey, raning beki wa NFL, ligi kuu ya Marekani. Mwaka 2019 akiwa na timu ya Carolina alikimbia na mpira mara 287 na kudaka pasi 116. Jumla 403! Kila mguso karibu unaishia na jitu la kilo 130 likimwangukia magotini. Msimu wa 2020 akacheza mechi 3 tu, wa 2021 mechi 7. Siwezi kuapa kwamba mzigo ndio uliomvunja, lakini punda naye ana mgongo.

Timu ya San Francisco walimchukua Oktoba 2022, na 2023 akaongoza ligi nzima kwa yadi 1,459 za kukimbia na mpira. Halafu 2024 kano ya kisigino ikamsumbua, akaondolewa kabla ya mechi ya kwanza dhidi ya Jets wa New York. Saa tisa usiku huku kwetu niko macho, chai imepoa, nikajua tumekwisha. Akaingia mbadala wake Jordan Mason, akapewa mpira mara 28, akapata yadi 147.

Ndiyo maana mimi ningemgawia nyota wako kama mara 15 kwa mechi, nyingi ziwe pasi fupi pembeni ambako ana nafasi ya kukwepa. Zile mbio za yadi moja za kusukumana katikati mpe kijana mwingine. Mkiongoza kwa pointi 17 robo ya nne, avue helmeti akae.