Usizibe Vitundu vya Barakoa ya CPAP

Swali: Daktari, natumia mashine ya CPAP, inayosukuma hewa ili koo libaki wazi, kwa tatizo la kukoma kupumua usingizini. Barakoa yangu, inayofunika pua na mdomo, hutoa hewa baridi kwenye vitundu vya mbele usiku kucha na kumsumbua mwenzangu. Nimeshauriwa mtandaoni nivizibe kwa plasta na kukaza mikanda ili nguvu ya hewa isipotee. Je, ni sawa?

Jibu: Kama umeshabandika plasta hiyo, ibandue kabla hujalala leo. Bomba la mashine yako ni moja, nalo huleta hewa tu. Pumzi unayoitoa, ambayo takriban asilimia 4 yake ni hewa ya ukaa, hutoka nje kupitia vitundu hivyo. Ukiviziba, pumzi hiyo hujaa kwenye barakoa, hurudi ndani ya bomba, nawe unaivuta tena. Ndipo mtu anapogutuka usiku akihema au kuamka na maumivu ya kichwa, na mwenye maradhi ya mapafu huwa hatarini zaidi. Hali huwa mbaya hasa kwenye shinikizo dogo, kama la sentimita 4 za maji (kipimo cha shinikizo kwenye mashine hizi), kwa kuwa mkondo wa kuisafisha barakoa tayari ni hafifu.

Wala nguvu ya hewa haipotei, kwa sababu mashine hupima shinikizo na kufidia kinachotoka. Uvujaji halisi ni ule wa pembeni, hasa unaopuliza machoni kutoka kwenye mwamba wa pua, na huo nao hauponi kwa kukaza mikanda. Utando mwembamba wa silikoni unaogusa uso hutunishwa na hewa yenyewe hadi ushikane na ngozi. Ukiubana hujikunja, na hewa hupenya kwenye kila kunjo. Tena, mikanda ya chini ikikazwa mno huweza kusukuma taya nyuma na kulibana koo lile lile tunalotaka libaki wazi. Lala chali, washa mashine, legeza mikanda, vuta barakoa mbele kidogo utando utune, irudishe polepole, kisha kaza kiasi cha kuizuia isihame. Kuhusu baridi, kliniki yako inaweza kukupatia barakoa yenye vitundu vidogo vingi vinavyotawanya hewa.

Kinachonisikitisha ni kwamba washauri hawa hawamwoni mgonjwa asubuhi. Wengine huziba hata vali ya usalama iliyo karibu na kiungo cha bomba, ambayo hufunguka mashine ikizimika ili mtu apate hewa ya chumbani. Wapo pia wanaouza, kwa sifa ya kwamba “hazivuji”, barakoa zisizo na vitundu kabisa, zilizotengenezwa kwa mashine za hospitalini zenye njia yake ya kutolea pumzi. Barakoa yoyote mpya ivae mashine ikiwa imewashwa, upitishe kiganja mbele ya vitundu vyake au vya kiungo cha bomba. Usipohisi hewa ikitoka, ivue papo hapo.