Kwa mafundi wapya wa kabini: ule mkonga wa simu kwenye kiti msiupite

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi ya mifumo ya kabini, yaani ile sehemu ya ndege wanapokaa abiria, naona wengi mkikuta ule mkonga wa simu kwenye mgongo wa kiti au pembeni kwenye mkono wa kiti mnacheka, mnauliza hii ni ya enzi gani, alafu mnaupita mnaenda kwenye skrini na waifai kwasababu ndiko fundi anakosifiwa. Sawa, simu yenyewe imeshakufa kwenye ndege nyingi, hilo sibishi. Ila pale ambapo mkonga umebaki, mara nyingi bado una umeme, na kwenye viti vingi ni huohuo unaowasha taa ya kusomea na kumwita mhudumu: upande mmoja rimoti, geuza upande wa pili vitufe vya simu, ubavuni mwanya wa kadi. Kwahiyo ukikuta kwenye logibuku, lile daftari la ubovu wa ndege, wameandika rimoti ya kiti 34C haifanyi kazi, jua unaenda kutengeneza simu hata kama hakuna atakayepiga tena.

Kwanza shikeni hili, mkonga sio simu. Mkonga ni vitufe, spika ndogo, maiki na kisoma kadi, basi. Kutoka hapo kuna kebo inayojiviringisha kwenye rili ndani ya kiti, inaingia kwenye boksi la chini ya kiti ambalo kawaida linahudumia kundi zima la viti, inapita kwenye maboksi ya kugawa, inafika kwenye mtambo mkuu wa simu za kabini, na huko mbele ndio inakutana na redio na antena. Abiria anaona mkonga tu kwahiyo lawama zote ni za mkonga, na fundi mgeni naye hivyohivyo, anakimbilia stoo kuchukua mpya, anafunga, haufanyi kazi, anarudi stoo kuchukua mwingine akidhani ule wa kwanza nao ulikuwa mbovu.

Kabla hujashika bisibisi angalia majirani. Kimekufa kiti kimoja peke yake? Hapo ndio umshuku mkonga na kebo yake. Vimekufa viti vyote vya kundi moja, usihangaike na mkonga hata mmoja, lala chini uangalie boksi na konekta zake, na mara nyingi utakuta mtu amesukuma begi kwa mguu mpaka konekta imelegea. Zimekufa safu kuanzia mahali fulani kwenda nyuma, tatizo liko kati ya safu ya mwisho iliyo nzima na ya kwanza iliyokufa. Na kama taa zinawaka, kengele zinalia, ila hakuna simu hata moja inayopata laini, achana na viti kabisa, nenda kwenye redio. Dakika chache za kutembea kwenye korido ukibonyeza bonyeza zinakuokolea usiku mzima wa kufungua viti.

Sasa kebo, maana hapo ndipo penye kazi kubwa. Abiria anauvuta mkonga, anauzungusha mkononi, anaurudisha ukiwa umejipinda, anayefuata naye hivyohivyo, na waya za ndani zinakatika moja moja pale kebo inapoingilia kwenye mkonga, yaani shingoni. Ganda la nje linabaki zima linang'aa, kwahiyo kwa macho huoni kitu. Mimi nafanya hivi, nabonyeza taa ya kusomea mara kadhaa huku naikunja shingo ya kebo taratibu kushoto kulia, ikitii mara moja na kugoma mara mbili basi hiyo ni kebo, sihitaji kompyuta kuniambia. Rili nayo inachoka springi, kebo inabaki inaning'inia nje, inabanwa na mkono wa kiti au mtu anaikanyaga, na hapo imeshakuwa kitu cha kumkwaza abiria siku wakitoka mbio, msiiache hivyo kwasababu eti simu haitumiki.

Alafu kuna vimiminika. Juisi ikimwagikia kwenye kitanda cha mkonga inakauka, ile ndoano ya kuushika inagoma, abiria anaung'oa kwa nguvu. Wasafishaji nao wakipuliza dawa moja kwa moja juu ya vitufe badala ya kuipulizia kitambaa, inapenya kwa chini ya raba na asubuhi yake kengele ya kumwita mhudumu inajilia yenyewe, mhudumu anakuja, abiria anasema sijaita, anaondoka, inalia tena. Ukipata malalamiko ya namna hiyo unuse kwanza, kweli kabisa, harufu ya dawa ya kusafishia inabaki pale muda mrefu. Na mwanya wa kadi ni pipa la taka la abiria, utakuta vipande vya karatasi, ubani wa kutafuna, hata sarafu. Usichokoe na chuma wakati umeme uko. Zima, vuta breka, yaani kile kikata umeme cha saketi, weka tagi, ndio uchokoe.

Kitu kingine, ukibadilisha boksi la chini ya kiti fuata manyueli mpaka mwisho, hasa ile sehemu ya kulipatia boksi anwani yake, maana ukiiruka wa 22A anabonyeza taa inawaka ya 21A na hapo utachekwa wewe.

Mtaniuliza kwani huo mwanya wa kadi ulikuwa wa nini hasa. Jamaa mmoja Marekani anaitwa Jack Goeken, huyohuyo aliyeanzisha kampuni ya simu ya MCI wakasumbuana na kampuni kubwa ya simu ya AT&T, ndiye aliyeleta Airfone, simu ya kulipia ya ndegeni, na huduma ilianza kwenye ndege za abiria za huko mwaka 1984. Wakati ule mkonga haukuwa kwenye kiti, ulikuwa umefungwa ukutani na hauna waya, unaingiza kadi ya benki ndio unaachiwa, unaenda nao kwenye kiti chako, na kadi inabaki imeshikwa ukutani mpaka uurudishe. Mimi hapo nawavulia kofia, dhamana na malipo kwa kifaa kimoja. Bei ilikuwa dola 7.50 za Marekani kwa dakika 3 za mwanzo, alafu dola 1.25 kila dakika inayoongezeka. Kampuni ya simu ya GTE wakainunua Airfone 1986, baadaye mikonga ikahamia kwenye migongo ya viti, kadi ikawa ya kupitisha tu, na ndio hapo lile zigo la waya na maboksi chini ya viti lilipoingia kwenye maisha yetu mafundi.

Mwaka 1990 mamlaka yao ya mawasiliano, FCC, ikatenga rasmi masafa ya 849 mpaka 851 MHz na 894 mpaka 896 MHz kwa simu za ndegeni. Ndege inaongea na vituo vilivyoko ardhini, kwahiyo antena zake ziko tumboni. Ukivuka katikati ya bahari hakuna kituo, hapo inatakiwa satelaiti, na antena yake iko mgongoni mwa ndege. Hii sio historia ya kujifurahisha, inakuhusu ukiwa kazini. Mtu anakuambia simu za satelaiti hazipati laini, unaenda unakuta ndege iko ndani ya hanga chini ya bati, sasa mgongo wa ndege utaiona satelaiti kupitia bati? Itoeni nje kwanza kabla hamjaandika kwamba redio imekufa. Redio ni ghali, na ikirudi kutoka karakana na karatasi inayosema haina ubovu bosi atakuita ofisini.

Na sauti kuchelewa sio ubovu. Satelaiti za simu hizi nyingi zimekaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, mawimbi kwenda juu na kushuka yanakula kama robo ya sekunde, jibu nalo robo nyingine, kwahiyo watu wawili wanaanza kuongea pamoja, wananyamaza pamoja, wanaanza tena pamoja. Abiria anaona simu mbovu, wewe usiione hivyo. Mwangwi wa kujisikia mwenyewe ndio uufuatilie.

Watu husema simu za kiti ziliuawa na simu za mkononi. Mimi nakubali nusu tu, maana Marekani walikuwa wamekataza kupiga simu ya mkononi ndege ikiwa hewani na katazo hilo bado lipo, kwahiyo juu kule mshindani hakuwepo. Kilichoiua kwa maoni yangu ni bei, na ukweli kwamba mtu mwenye simu mfukoni anajua atapiga akishatua. Anaweza kusubiri. Verizon walioirithi Airfone kutoka GTE wakafunga huduma kwa ndege za abiria mwaka 2006, na mwaka huohuo masafa yakapigwa mnada, kampuni ya Aircell wakapata sehemu kubwa na kampuni ya LiveTV sehemu ndogo. Aircell ndio hawa wakaja kuitwa Gogo, na 2008 wakaanza kuuza intaneti ndegeni kwa masafa yaleyale. Kwahiyo mnapoikimbilia waifai mkaicheka simu, mjue mojawapo ya waifai za mwanzo ilikalia kiti cha simu.

Sasa niseme kitu ambacho huwa nakirudia kwa kila kundi jipya mpaka wananichoka. Msije mkasema hii ni burudani tu. Tarehe 2 Septemba 1998 ndege aina ya MD-11 ya shirika la Swissair, safari namba 111, ilianguka baharini karibu na Peggy's Cove huko Kanada, watu 229 wakafa wote, baada ya moto kuanza juu ya dari karibu na chumba cha marubani. Wachunguzi wa Kanada walikuta alama za umeme kuruka kwenye waya wa mfumo wa burudani wa abiria, pale karibu na sehemu moto ulipoanzia, na yale mablanketi ya kuzuia joto yakashika moto kirahisi. Na mfumo ule ulikuwa umepewa umeme kutoka mahali ambapo swichi ya kuzima umeme wa kabini haikuugusa, yaani rubani akizima kabini wenyewe unaendelea kula umeme. Haukuwa mfumo wa simu, lakini waya ni waya. Ukikuta waya wa simu ya zamani umeachwa unaelea, ganda limechubuka, hauna kofia, usijiambie ni wa kitu kilichokufa, pima, na ufuatilie unatokea wapi.

Upande wa pili kuna tarehe 11 Septemba 2001. Betty Ong, mhudumu wa American Airlines safari namba 11, alishika simu ya ndegeni kule nyuma akapiga ofisi ya kampuni yake, akaeleza kinachoendelea kwa dakika kama 25, na watu walioko chini wakajua kuna utekaji. Kwenye ndege nyingine iliyotekwa siku hiyo, United safari namba 93, abiria nao walipiga, na simu nyingi zilitoka kwenye mikonga ya viti. Hakuna aliyezifunga zile simu kwa ajili ya siku kama ile, ziliwekwa ili wafanyabiashara waongee na ofisi zao. Ndio maana huwa sipendi kumsikia fundi akisema kifaa fulani cha abiria hakina maana.

La mwisho ni kuzima au kuondoa, maana kazi nyingi mtakazopewa saivi kuhusu simu hizi ni hizo. Usiikate kwa koleo ukaondoka. Kuna karatasi iliyoidhinishwa inayoeleza breka gani ivutwe na ifungwe, waya zipi zifunikwe ncha na kufungwa pembeni, boksi gani litoke na uzito gani upunguzwe kwenye hesabu za ndege. Uzito watu wanausahau sana. Kama mkonga unabaki kwa ajili ya taa na kengele, zuia upande wa simu tu na ubandike stika kwamba huduma haipo, ili abiria asije akapitisha kadi yake bure akamlaumu mhudumu. Kengele ikiwa haifanyi kazi na ndege inataka kuondoka, fungua orodha ya vitu ambavyo ndege inaruhusiwa kuruka navyo vikiwa vibovu, soma masharti yake yote maana yapo, usiniulize mimi wala usimuulize mwenzako wa zamu. Ukimaliza kaa kwenye kiti chenyewe kama abiria, bonyeza taa, bonyeza kengele, mwenzako asimame jikoni nyuma akuambie safu gani imewaka. Ikiwa ni hiyohiyo uliyokaa, saini.