Sakafu ya meko imebanduka: acha kuipiga lipu

Mkuu, umesema meko ya kuotea moto ya nyumba yako ya Njombe imebanduka sakafu, fundi amepiga lipu ya saruji mara mbili na zote zimeruka. Hata ya tatu itaruka. Kosa si vipimo vya fundi, ni saruji yenyewe.

Saruji ya kawaida ikishakomaa inakuwa na chokaa ndani yake. Joto likifika kama nyuzi 450 za sentigredi, chokaa hiyo inapoteza maji yake. Meko ikipoa, chokaa hiyo inavuta unyevu wa hewani, inavimba na kupasua zege. Na lipu ya sentimita mbili iliyowashiwa moto kabla haijakauka, maji yake yanageuka mvuke na kurusha vipande.

Kabla ya kununua chochote, gonga sakafu yote kwa nyundo ndogo. Panapolia kwa ukali ni pazima, panapolia "bu" pameachana. Ufa mwembamba wa juu juu usikusumbue. Ila ukiona upande mmoja umeshuka kuliko mwingine, ujue kifusi cha chini kimetitia. Hapo ni kuvunja zege lote, kushindilia na kumwaga upya. Kama nyumba ina sakafu ya mbao, chungulia chini ya meko. Mbao za kumwagia zege wakati mwingine huachwa humo humo, na hizo zinaweza kuanza kuungua taratibu bila mtu kujua. Zitoe.

Zege likiwa zima, toa vilivyolegea kwa tindo, piga brashi ya waya, halafu tandika matofali ya kuhimili moto, yale ya tanuru. Saizi ya kawaida ni milimita 230 × 114 × 64. Meko ya sentimita 90 kwa 60 inakula kama 20 yakilazwa. Nunua 24 kwa ajili ya kukata. Usichimbe zege kutafuta nafasi: zege la sentimita 10 ukilichimba 7 umebaki na kaukau. Acha sakafu ipande. Mdomo wa meko utapungua kimo, na moshi hautalalamika.

Mimi ni wa kutandika bila saruji kabisa. Weka mchanga laini mkavu uliochekechwa, unene wa sentimita 1, uusawazishe kwa ubao na pima maji. Panga matofali yabanane, ya safu moja yakikatiza viungo vya safu nyingine, kisha fagilia majivu makavu kwenye mianya. Pembeni mwa kuta acha milimita 5 na uijaze majivu pia. Hapo ndipo mafundi wengi wanaharibu: wanaziba kwa saruji, tofali likipata moto linatanuka, linakosa pa kwenda, linanyanyuka katikati au linasukuma ukuta. Faida nyingine, tofali likipasuka unalichomoa hilo moja tu.

Umekosa matofali ya tanuru? Matofali ya kuchoma yaliyoiva sawasawa, yanayolia kama chuma ukiyagonganisha, yatakusogeza, ila utakuwa unabadilisha mara kwa mara. Ukipata saruji ya kuhimili moto, mwaga unene usiopungua sentimita 5, na usiichanganye na saruji ya kawaida hata kijiko: inaweza kuganda ukiwa bado unakoroga.

Sehemu ya mbele, nje ya mdomo, haipati joto kali. Hapo zege la kawaida linatosha, saruji 1, mchanga 2, kokoto 4, litokeze angalau sentimita 40 mbele na 20 kila upande. Mwagilia siku 7, usiwashe moto kabla ya siku 28.

Moto wa kwanza uwe wa vijiti, saa moja, uache upoe wenyewe. Kesho yake ongeza kidogo. Magogo yasubiri siku ya nne au ya tano. Moto usiuzime kwa maji, tofali la moto likimwagiwa linapasuka. Na ukisafisha usikombe majivu yote, acha kama sentimita 2 yakinge sakafu.