Adapta za rimu kwenye DX: tazama nyuma ya rimu kabla hujakaza nati

Sauti ilianza tulipoipita Mariakani tukielekea Voi. Ko, ko, ko, kama mtu anabisha hodi chini ya sakafu ya gari. Nilidhani jiwe limenasa kwenye tairi. Kisha usukani ukaanza kutetemeka, nikaweka gari kando. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa limebaki na nati mbili kati ya nne, na hizo mbili nilizifungua kwa vidole. Mke wangu na watoto walikuwa ndani ya gari.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla KE70, hii tunayoiita DX, ya kizazi kilichotoka 1979. Ni gari la marehemu baba, na nilitaka liwe na rimu za aloi za inchi 15 badala ya zile za chuma za inchi 13. Tatizo ni kwamba stadi za KE70, yaani bolti zinazochomoza kupokea rimu na nati, zimepangwa kwenye duara la milimita 114.3, na rimu nilizozipenda zilitoka kwenye Toyota 110, ambayo duara lake ni milimita 100. Zote zina matundu manne, lakini haziingiliani. Hapo spesa ya kawaida haikusaidii, kwa sababu spesa ni bamba tu la kuisogeza rimu nje. Unahitaji adapta: bamba nene linalofungwa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) kwa nati za ndani, lenye stadi zake nne za kupokea rimu mpya.

Nilichongewa adapta za unene wa milimita 20. Zilipofungwa zilipendeza, gari likasimama vizuri, nami sikuuliza zaidi.

Siku ile barabarani tulifunga tairi la spea na kurudi nyumbani mwendo wa pole. Kesho yake nikaibeba ile rimu hadi kwa mzee mmoja fundi wa siku nyingi. Hakuigusa adapta kwanza. Aliilaza rimu kifudifudi, akapitisha kidole upande wa nyuma, akaniita. "Njoo uone, mwanangu." Palikuwa na vidoa vinne vinavyong'aa, kila kimoja ukubwa wa ncha ya kidole, vimebonyea ndani ya aloi. Stadi za asili za gari langu zilikuwa na urefu wa milimita 24, adapta ina 20. Ncha zake zilichomoza milimita 4, na rimu yangu ilikuwa imekaa juu ya hizo ncha nne muda wote. Haikuwahi kulala kwenye uso wa adapta.

Kosa lote lilikuwa hapo. Wengi tunaamini stadi ndizo zinazobeba gari. Nati kazi yake ni kubana, na kinachoshika gurudumu ni ule msuguano wa uso wa chuma uliolala sawasawa juu ya uso mwingine. Uso usipolala, ukaze hata kwa bomba refu, nati italegea tu. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, pima stadi zako kuanzia uso wa drami au diski hadi ncha. Kama ni ndefu kuliko adapta, tafuta adapta nene zaidi, au rimu yenye vishimo vya kutosha nyuma, katikati ya matundu. Wapo wanaokata stadi. Mimi sikukubali, kwa sababu ukizikata, siku ukitaka kurudisha rimu za asili nati haitapata nyuzi za kutosha.

Sasa natumia za milimita 25, za aluminiamu iliyofuliwa, si ya kumimina. Zina shingo katikati inayoingia kwa kubana kwenye tundu la rimu, ambalo kwa rimu hizi za 110 ni milimita 54.1. Bila shingo hiyo, gurudumu linaweza kukaa pembeni kidogo na kutetemeka ukikimbia. Unene huo ulinifaa kwa jambo jingine pia: rimu zina ofseti (umbali wa uso wa kufungia kutoka katikati ya upana wa rimu) ya milimita 38, ukitoa 25 inabaki 13, na gurudumu halikwaruzi springi ndani wala fenda nje. Ukizidisha unene, usukani unakuwa mzito, unavuta kwenye makorongo, na beringi zinaisha mapema. Mimi siwezi kwenda hadi adapta za milimita 40 kwa barabara zetu.

Tairi nilichagua 195/55R15. Kimo chake ni karibu sawa kabisa na 165/80R13, kwa hiyo spidomita haidanganyi.

Kwenye kufunga, safisha kutu yote ya habu kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Kaza kwa mpangilio wa msalaba, nati moja kisha inayoikabili, kwa spana ya kupimia nguvu. Mimi hukaza nati za M12 (za stadi ya kipenyo cha milimita 12) kwa nyutoni-mita 100, za ndani kwanza, kisha za rimu. Nati nazo ziwe za umbo la kiti cha rimu, pale nati inapokalia: ya koni kwa koni, ya bapa kwa bapa. Baada ya kilomita kama 80, vua rimu ukague zile za ndani. Hapa ndipo watu huona uvivu, maana nati za rimu zinaonekana na za ndani zimejificha.

Rimu za chuma za baba nimezipaka mafuta, ziko stoo. Ile rimu yenye vidoa vinne niliivunja kwa nyundo, nisije nikamuuzia mtu.