Anza na usingizi, dada

Dada uliyeandika kutoka Pasua ukiuliza kwa nini unaamka umechoka na kuwafokea watoto ilhali vipimo havikuonyesha ugonjwa, mimi ningeanza na usingizi. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi kwa usiku, na mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kati ya saa 9 na 12. Kwa hiyo nyumba inayozima taa saa sita usiku na kuamka saa kumi na moja kuwahi gari la shule inaishi kwa deni. Kwetu hapa Moshi, ifikapo saa tatu usiku simu zote huwekwa kwenye kapu la vitunguu jikoni, na wiki ya kwanza mume wangu alikuwa akienda kulichungulia kana kwamba kuna kuku anayeatamia. Kahawa, ingawa ni fahari ya mlima wetu, iishie mchana, na mbege isifanywe dawa ya kulalia, kwa maana pombe humlaza mtu upesi kisha humkatizia usingizi usiku wa manane. Huzuni ikidumu wiki 2, rudi hospitali umwone mtaalamu wa afya ya akili; ukijiwa na fikra za kujidhuru, nenda siku hiyohiyo.