Ofa ya kazi Fort Worth: kadi ya kijani, upekuzi na pesa za kuhama

SWALI

Shikamoo mhandisi. Mimi ni mzaliwa wa Mwanza. Niliingia Marekani miaka mitatu iliyopita kwa bahati nasibu ya viza na nina kadi ya kijani. Nyumbani nilisoma stashahada ya uhandisi mitambo, na hapa Columbus, Ohio, ni mkaguzi wa ubora kwenye karakana ya vipuri vya magari. Sasa kampuni moja ndogo ya Fort Worth, Texas, inayochonga vipuri vya ndege za kivita, imenipa ofa pamoja na dola 10,000 za kuhamia. Jamaa zangu wananiambia asiye raia haruhusiwi kugusa kazi za jeshi, kwamba nitafukuzwa baada ya miezi miwili na bado nidaiwe hizo hela. Nina mke na watoto wawili. Niende? Na mdogo wangu, fundi wa ndege aliyeko Dar, anaweza kuletwa na kampuni ya namna hii?

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Hongera kwanza, maana ofa ya namna hiyo kwa mtu wa miaka mitatu tu nchini haiokotwi barabarani. Nimekaa kwenye viwanda vya ndege vya Marekani miaka 17, sehemu kubwa upande wa ubora, na swali lako naletewa na Watanzania, Wakenya na Wakongo karibu kila mwezi. Jamaa zako hawakudanganyi kwa makusudi. Wamechanganya mambo mawili ambayo hata maafisa ajira wengine huyachanganya.

Jambo la kwanza ni kanuni za Marekani za kudhibiti silaha na michoro yake visifike mikononi mwa wageni. Kiwandani utazisikia kwa jina la ITAR. Mchoro wa kipuri cha ndege ya kivita unaweza kuwa chini yake, na kumwonyesha mgeni mchoro huo, hata mkiwa chumba kimoja Texas, kunahesabiwa kama kuupeleka nje ya nchi. Lakini kanuni hizo hazisemi "raia". Zinasema "mtu wa Marekani", na ndani ya maneno hayo wamo raia, wenye kadi ya kijani, wakimbizi waliopokelewa rasmi na waliopewa hifadhi. Wewe umo. Mkongo aliyeletwa na mpango wa wakimbizi naye yumo. Kwa mchoro wa kawaida wa ITAR, kadi yako inatosha.

Tena sheria inakulinda. Mwaka 2023 kampuni ya magari ya General Motors ilikubaliana na Wizara ya Sheria kulipa dola 365,000, kwa sababu wenye kadi ya kijani walikuwa wakidaiwa pasi za nchi zao kwa kisingizio cha kanuni hizi za usafirishaji nje. Ila kinga hiyo ina tundu ambalo wengi hawalijui: ukishatimiza muda wa kuomba uraia, kisha miezi sita ikapita bila kuomba, unapoteza haki ya kulalamika kwamba umebaguliwa kwa kutokuwa raia. Kwa kawaida muda ni miaka mitano ya kadi, na fomu unaweza kuituma siku 90 kabla haijatimia. Weka tarehe hiyo kwenye simu yako leo.

Jambo la pili ndilo jamaa zako walilolisikia: upekuzi, yaani kibali cha kushika siri za serikali. Hapo ni raia tu. Huwezi kujiombea mwenyewe, lazima kampuni ikudhamini, kisha ujaze fomu ya SF-86 inayouliza ulikoishi na ulikofanya kazi miaka 10, ndugu walioko nje, safari na madeni. Zipo pia nafasi ambazo mkataba wenyewe wa serikali unadai raia, na hapo kampuni haivunji sheria ikikukataa. Kwa hiyo rudi kwenye barua yako ya ofa utafute sentensi moja. Ikisema lazima uwe "mtu wa Marekani", uko salama. Ikisema lazima uwe na kibali, au "uweze kukipata", simama hapo hapo. Waandikie kwamba wewe ni mkaazi wa kudumu, si raia, uwaulize kama nafasi hii inahitaji kibali sasa au ndani ya mwaka wa kwanza. Wakujibu kwa maandishi. Jibu la simu halitakusaidia siku ya siku.

Ukija kuwa raia na kudhaminiwa, mama yako kuishi Mwanza si kosa, na watu wenye ndugu nje hupata vibali. Kinachoangusha wengi ni madeni yaliyotelekezwa, na kinachoangusha vibaya zaidi ni uongo kwenye fomu, kwa sababu huo peke yake ni jinai ya shirikisho. Ujue pia kwamba Tanzania hairuhusu mtu mzima uraia pacha, tofauti na Kenya iliyouruhusu kwa katiba ya 2010. Hilo ni la kuzungumza na familia kwa utulivu.

Sasa pesa, na hapa nataka unisikilize vizuri kuliko pengine pote. Dola 10,000 zilizo kwenye barua si dola 10,000 zitakazoingia benki. Tangu 2018 pesa za kuhama zinazolipwa na mwajiri zinahesabiwa mshahara na zinakatwa kodi, na sheria ya 2025 imelifanya jambo hilo kuwa la kudumu, isipokuwa kwa wanajeshi wanaohamishwa kwa amri na baadhi ya watu wa usalama wa taifa. Wakikulipa kwa mkupuo, kwa kawaida watakata asilimia 22 ya kodi ya shirikisho, asilimia 6.2 ya hifadhi ya jamii na 1.45 ya Medicare, bima ya afya ya wazee. Hiyo ni 2,200, 620 na 145. Unabaki na 7,035. Nafuu yako ni kwamba Texas haina kodi ya mapato ya jimbo. Ingekuwa California au Connecticut, zingepungua tena.

Unaweza kuwaomba wabebe kodi hiyo, yaani waongeze juu ili mkononi zifike 10,000 kamili. Kampuni kubwa nyingi hufanya hivyo; ndogo mara nyingi hazifanyi mpaka uombe. Wakikataa, omba angalau nyumba ya muda ya siku 30. Kwa mtu mwenye watoto, mwezi mmoja wa kutafuta nyumba bila presha una thamani kuliko hela ya kukodi lori.

Halafu tafuta kipengele cha marejesho. Kitakuwepo. Husema ukiondoka kabla ya miezi 12 au 24 unarudisha. Mimi kiliniuma. Mwajiri wangu wa pili alinihamisha, na nilipofikisha miezi kumi nikaacha kazi nikamuuguze mama. Mwaka wa kodi ulikuwa umeshageuka, nikadaiwa kiasi chote cha kabla ya makato, pamoja na ile kodi ambayo haikuwahi kugusa mkono wangu. Nililipa kidogo kidogo kwa miezi 14, katikati ya msiba. Baadaye ndipo nikajua kwamba marejesho ya zaidi ya dola 3,000 yanaweza kudaiwa nafuu kwenye kodi ya mwaka ule unaolipa. Hakuna aliyeniambia, ndiyo maana nakuambia wewe.

Basi kabla ya kusaini, omba maneno matatu yaongezwe. Deni lipungue kila mwezi unaokaa, lisisubiri mwaka ukatike. Lifutwe kabisa wakikupunguza kazini. Na lifutwe ikiwa nafasi itabadilishwa masharti, ikaanza kudai uraia au kibali. Hilo la mwisho ndilo dawa ya hofu ya jamaa zako. Kampuni iliyokwishakuchagua haitaondoa ofa kwa sababu umeuliza kwa adabu. Ikigoma kufuta deni hata pale yenyewe itakapokuondoa, mimi nisingehamisha watoto.

Kuhusu soko lenyewe, nakutia moyo. Fort Worth ndiko Lockheed Martin inakounganisha ndege ya kivita ya F-35, katika jengo lenye urefu wa karibu maili moja, na mji huo huo ndio makao makuu ya Bell, watengenezaji wa helikopta. Ukipunguzwa kwenye karakana ndogo, huhitaji kuhama tena mji. Hicho ndicho kipimo changu siku zote: naangalia waajiri wangapi wengine wa fani yangu wako umbali wa kuendesha gari asubuhi, kabla ya kuangalia mshahara. Hata hivyo waulize ni sehemu gani ya kazi yao inategemea ndege moja. Karakana yenye mteja mmoja huyumba siku oda inapohamishwa, hata kama ndege yenyewe inaendelea kuuzwa.

Ujuzi wako unahama nawe. Kwenye magari mmezoea kiwango cha IATF 16949, kwenye ndege utakutana na AS9100, na vyote viwili vimejengwa juu ya ISO 9001, kiwango cha jumla cha usimamizi wa ubora. Anza kusoma AS9102, ukaguzi wa kipuri cha kwanza, kwa sababu wiki ya kwanza tu utaulizwa. Kama umeshashika CMM, mashine ya kupimia vipimo vya kipuri, iandike juu kabisa kwenye wasifu wako. Kazi hii ipende. Januari 2024 paneli ya kuziba mlango ilichomoka kwenye Boeing 737 MAX 9 ikiwa angani juu ya Oregon. Wachunguzi wakaeleza kwamba boliti nne za kuishikilia hazikufungwa tena ndege ilipokuwa kiwandani. Hakuna aliyekufa siku ile. Ndiyo maana mkaguzi anayekataa kusaini asichokiona ni mtu wa kushikwa kwa mikono miwili.

Mdogo wako ni habari nyingine. Yeye akiwa Dar si "mtu wa Marekani", na kampuni ya ulinzi ingehitaji leseni maalumu kutoka Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ili tu auone mchoro. Sijaona karakana ndogo ikijisumbua hivyo kwa fundi. Wewe mwenye kadi huwezi kumwombea ndugu. Raia anaweza, lakini foleni ya ndugu inapita miaka 10. Kwa hiyo asiache kazi kwa kunisubiri mimi wala wewe, na asimlipe "wakala" yeyote hata shilingi. Akitokea kuja kwa njia yake, leseni ya ufundi ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, haidai uraia: inataka miezi 18 ya kazi ya vitendo kwa bodi au injini peke yake, au miezi 30 kwa vyote viwili, kisha mitihani. Awaombe waajiri wake wa sasa barua zinazotaja aina ya ndege, kazi alizofanya na tarehe, kila anapobadili kituo, maana miaka ikipita msimamizi anastaafu na barua haipatikani tena.