Barua kwa mwanangu: usianze na Arthur

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi, na za mama yako pia. Umeuliza ununue tafsiri gani ya Kiingereza ya Mabinogion, zile hadithi za kale za Wales, umsomee mjukuu wangu, au utumie kitabu chetu cha zamani, kile cha Lady Charlotte Guest. Nitafika huko. Ila kwanza tuzungumze namna ya kusoma, maana hadithi hizi ni za sikio. Tumezipata kutoka vitabu viwili vilivyoandikwa kwa mkono huko Wales, Kitabu Cheupe cha Rhydderch, cha mnamo 1350, na Kitabu Chekundu cha Hergest, cha miongo michache baadaye. Lakini kabla ya wino kulikuwa na wasimulizi, na mtu akizisoma kimya kimya zinamkaukia.

Majina yasikutishe. Mkazo wa Kiwelisi kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama wetu, kwa hiyo Rhiannon na Branwen yatakutoka bila taabu. Dd ni dh ya dhahabu. F moja ni v, ff ndiyo f yetu, ch ni kh ya kheri, na w ikikaa mahali pa irabu ni u. Inayosumbua ni ll, kama ya Pwyll: weka ulimi kama unataka kutamka l, usitoe sauti, pitisha pumzi pembeni. Jizoeze kabla mtoto hajakaa. Ukigugumia jina katikati ya sentensi, atalishika jina na kuiacha hadithi.

Usianze na hadithi ya Culhwch na Olwen eti kwa kuwa Mfalme Arthur yumo. Culhwch akifika barazani anaomba msaada kwa kutaja watu wa Arthur mmoja mmoja, na majina yanapita mia mbili. Mtoto atakuwa amelala zamani. Ndoto ya Rhonabwy nayo iache. Yenyewe inasema mwishoni kwamba hakuna awezaye kuisimulia bila kitabu, kwa wingi wa rangi za farasi na silaha. Anza na zile hadithi nne zinazoitwa matawi, kwa mpangilio wake: Pwyll, Branwen, Manawydan, Math. Katika Math kuna Goewin anayebakwa. Hapo ngoja mtoto akue.

Tawi la kwanza ligawe jioni tatu. Ya kwanza, Pwyll, mtawala wa Dyfed, anakaa mwaka mzima na sura ya Arawn, mfalme wa Annwfn, ile dunia nyingine. Ya pili ni Rhiannon anayepita juu ya farasi wa mwendo wa taratibu, na wanaomkimbiza hawamfikii, mpaka harusi na ule mfuko usiojaa. Ya tatu usiikate, na hapa ndipo wengi wanapoiharibu. Mtoto wa Rhiannon anatoweka usiku uleule aliozaliwa. Wanawake sita waliowekwa walinde walikuwa wamelala; kwa hofu wanaua watoto wa mbwa, wanampaka mzazi damu usoni na mikononi, wanashikilia kwamba amemuua mwanawe mwenyewe. Anahukumiwa miaka saba kukaa kando ya jiwe la kupandia farasi huko Arberth, penye makao ya Pwyll, amsimulie kila mgeni habari yake, kisha ajitolee kumbeba mgongoni mpaka ndani. Ukifunga kitabu hapo, mtoto analala na mama aliyeachwa nje. Endelea mpaka Teyrnon, bwana wa Gwent, aukate ule mkono wenye kucha unaokuja kunyakua mwanafarasi usiku wa kuamkia Mei Mosi, akute mtoto mlangoni, amlee, na mwisho amrudishe kwao baada ya kuona anafanana na Pwyll.

Shangazi yako hakungoja. Ulikuwa mdogo, umelala mapajani pake, naye ndiyo kwanza amerudi kutoka kwa wakweze. Unajua alirudi vipi. Nilipofika pale Rhiannon anapoona heri kuipokea adhabu kuliko kubishana na wale wanawake, akakulaza mkekani, akaniuliza, “Kaka, huyu kwa nini hasemi?” Akaingia chumbani. Habari ya Teyrnon hajaisikia hadi leo. Nikiigusa, anageuza mazungumzo. Linaniuma.

Maana swali lake ni la haki, nami kila nikilijibu najipinga. Rhiannon alisema! Aliwaambia wale wanawake waseme kweli, akawaahidi kuwalinda. Walikuwa sita, yeye mmoja. Lakini huyu ndiye aliyekataa mume asiyemtaka, akamfuata Pwyll mwenyewe, na siku ya karamu akamwambia mbele ya macho yake kwamba hakuna mtu aliyewahi kuwa mzito wa akili kama yeye. Mtu wa namna hiyo anyamaze miaka? Hapo narudi nyuma tena.

Kuhusu kununua: chukua ya Sioned Davies, iliyotoka Oxford 2007. Aliitafsiri akijali jinsi inavyosikika ikisomwa kwa sauti, na hizi, narudia, ni hadithi za sikio. Ya Guest, iliyotoka kati ya 1838 na 1849, baki nayo wewe. Ndiyo iliyozifikisha kwa watu wengi na naiheshimu, ila Kiingereza chake ni cha kizamani, mambo ya chumbani ameyapunguza, na ameongeza hadithi ya Taliesin isiyokuwamo katika zile hadithi kumi na moja za Mabinogion. Ukimgeuzia mtoto kwa Kiswahili papo hapo, ziache sentensi zifuatane: akapanda, akaenda, akamwona. Mwendo wao ndio huohuo.

Ukifika tawi la tatu, msikilize Rhiannon anavyomkemea Manawydan, mumewe wa pili, kwa kurudi bila Pryderi, yule mtoto aliyerudishwa na Teyrnon, kisha anavyoinuka kwenda mwenyewe kumtafuta mwanawe kwenye ngome alikopotelea. Halafu niandikie kama pale Arberth alinyamaza kwa busara au kwa kuchoka. Jibu langu ninalo na linaniwasha ulimi, lakini sikupi kabla hujafika hapo.

Baba yako